Maana ya Kambi Katika Daftari Lako

Apa,

Daftari lako limemsaidia mtu. Nimeanza na hilo, baba yangu, kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya kuniuliza kama nimekula.

Tangu tukuzike hapa Lodwar mwaka jana, mengi yamegeuka. Sasa tuna kaunti, tuna gavana, na viwanja vya kule mtoni vinanunuliwa na watu nisiowajua. Chumba chako nimekipaka rangi. Kofia yako bado iko msumarini. Siwezi kuishusha, Apa. Bado.

Sasa sikiliza. Kabla ya uchaguzi, watu walikuwa mbioni kutafuta vitambulisho ili wajiandikishe kupiga kura. Akaja mama mmoja kutoka Kakuma, anaitwa Arot, akimtafuta karani aliyehesabu watu kule zamani. Nikamwambia, "Alifariki. Mimi ni binti yake." Akaketi mlangoni pangu, akalia kana kwamba mlikuwa mkijuana.

Wazazi wake walikufa yeye akiwa mdogo. Alama pekee waliyoacha ni lile daftari la kuorodhesha nyumba, ambalo bado liko ofisini Kakuma. Humo uliandika jina la mama yake, jina lake akiwa mtoto mchanga, na makao yao: Laini ya Kambi, mlango wa saba. Karani wa vitambulisho akalisoma, akamwambia, "Hapa imeandikwa kambi. Wewe ni mkimbizi. Rudi kwenu."

"Kwetu ni wapi tena?" Arot akaniuliza.

Maneno ya daftari lako niliyajua. Ulinifundisha ulipostaafu, nami nikipiga miayo, unisamehe. Awi ni boma zima. Ekol ni kibanda cha kivuli cha mchana. Laini ni vyumba vya wafanyakazi vilivyopangwa safu moja. Na kila mara: "Angalia mwaka kwanza, ndipo usome neno."

Nikaenda naye Kakuma. Nikamwuliza karani, "Kaka, hesabu hii ilifanywa mwaka gani?" Akasoma jalada. "Na wakimbizi wa kwanza walifika hapa lini?" "Miaka kadhaa baadaye," akakiri. Nikamweleza kwamba kambi hiyo ilikuwa ya wajenzi wa barabara ya lami, na baba yake Arot alivunja kokoto pale.

"Hayo ni maneno tu, madam," akasema. "Mimi nataka kuona."

Basi nikamfungulia ukurasa uleule. Chini ya mlango wa saba, kwenye mlango wa nane, uliandika Nakwawi, mjane. Tukaenda sokoni pamoja na karani, tukauliza. Yuko hai, Apa! Anakaa nyuma ya duka la fundi cherehani Mkongomani, na pale uani sakafu za saruji za vyumba vile bado zimejipanga, moja baada ya nyingine. Fundi akasema, "Miye nilikuta hii simenti hapa. Haiko yetu."

Nikamsalimu bibi, "Ejok." Alikuwa akimtazama Arot. Akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku.

"Huyu ni wa mlango wa saba," akasema. "Kitovu chake nilikata mimi."

Karani akavua miwani. Akaandika kila kitu palepale, akiwa amesimama juu ya sakafu ile, kisha akamwomba Arot radhi. Kitambulisho kilitoka. Arot alipiga kura mwezi wa Machi, akanipigia simu akicheka, anasema wino wa kidole hataki utoke.

Nilitamani uwe pale. Nilijivuna sana, Apa, mbele za watu, bila haya.

Ila kuna neno moja uliloandika kando ya mlango wa tatu ambalo silijui. Nimemwuliza Nakwawi, nimewauliza wazee hapa Lodwar. Hakuna anayelijua. Nilikuwa na wewe miaka yote hiyo na sikukuuliza.

Pumzika, Apa. Maneno yako mengine nimeyanakili kwenye daftari jipya, na karani yule ameomba nakala. Jumatatu naenda Kerio, ambako wavuvi wana majina yao ya vibanda na wanaoyajua wamebaki wachache. Nakuahidi, safari hii nitawauliza wenyewe wangali hai.

Mwanao,
Nakiru