Kwa Gervasi Ntahondi, Aliyeingoja Sehemu ya Pili

Mwaka mzima umekatika, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Januari, nyumbani kwa dada yako Marcelina, Rusimbi, mvua ikiwa bado inanyesha. Tumekaa na kimya chako muda wote huo na hatujakizoea.

Wengi wa Kigoma na Ujiji walikujua kwa sauti. Mchana ulikuwa karani wa mizigo bandarini. Jumamosi jioni ulisimama kando ya pazia la sinema ukiwageuzia watu Kiingereza kuwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipowapiga chenga bibi zetu, ulichomekea Kiha. Ulilia na waliolia, ukanguruma pamoja na injini.

Miaka michache baada ya Uhuru ilikuja ile picha ya chombo kiendacho kwenye nyota. Ilirudiwa mpaka mikanda ikaanza kukatika. Watu hawakuchoka kumtazama yule nahodha aliyeachwa peke yake kwenye nchi isiyo na mti hata mmoja, akiwasha taa ili wenzake wamwone. Picha iliishia hapo. Maandishi yakasema kuna sehemu ya pili, nawe ukawatangazia watu wasubiri, itakuja. Tangu siku ile ulijiona kama aliyeahidi ni wewe.

Ulipoacha kazi ulirudi shambani kwa wazee wako, na huko ndiko operesheni ya vijiji ilikotukuta. Malori yalikuja, mapaa yakang'olewa, mihogo ikabaki ardhini. Tulishushwa porini tukaambiwa tujenge. Masika yale ya kwanza, tukiwa bado tunalala kwenye vibanda vya nyasi, homa ilimchukua Dismasi, kitindamimba wako. Baada ya kumzika, uliwasimulia majirani ile picha, tangu mwanzo. Wakawa wanakuuliza kila mara kama yule nahodha alifuatwa. Uliwajibu kwamba bado hatujaona. Ungeweza kumzulia mwisho, na wapo waliokusihi, lakini hukukubali.

Kisha ukaota uvimbe kooni. Daktari wa mjini alitaka upelekwe Dar es Salaam ukapasuliwe bila kuchelewa. Wiki hiyohiyo Hamdani, rafiki yako aliyeendesha mashine ya sinema, alikuja na habari kwamba sehemu ya pili imefika Tabora na italetwa kwa treni.

Tuliteta sana nawe. Lukas, mwanao mkubwa, alikwambia mbele ya wote kwamba mtu anayeacha matibabu kwa ajili ya sinema hawapendi wanawe. Hukumkasirikia. Sauti ilikuwa imeshakauka, ikabidi tusogee kukusikia.

"Wakinikata koo, nani atawaambia watu? Acheni niitafsiri hii moja, halafu nitakwenda."

Ukahamia Rusimbi, uwe karibu na ukumbi. Vita vya Kagera vikaanza, mabehewa yakahitajika kwa askari, mikanda ikakwama Tabora. Treni ilipopiga honi ulimtuma binti yako Skolastika stesheni, naye alirudi mikono mitupu. Ulipokuwa humezi tena hata uji, ndipo ulipokubali kwenda Dar. Lukas alihangaika stesheni akikutafutia nafasi, wakamwambia asubiri. Ulikufa ukiingoja treni ya kukupeleka wewe, si ya kukuletea picha.

Picha ilifika kiangazi. Tulikwenda sote. Hakuna aliyesimama kando ya pazia. Watu walitazama midomo ikicheza tu, na wengine wakatoka. Skolastika, uliyemfundisha Kiingereza mwenyewe, alimnong'oneza mama yetu Rozalia. Tunakwambia sasa, kwa sababu hukupenda kufichwa kitu: walimfuata, Baba, lakini walichelewa. Waliikuta mifupa yake. Ilikuwa mwanzoni kabisa, na baada ya hapo picha ikaendelea na watu wengine.

Hamdani alitusindikiza hadi mlangoni. Alisema, "Afadhali Gervasi hakuiona."

Mama alijifunga kitenge vizuri, akamjibu, "Angetaka kuiona. Na angewaambia watu hivyohivyo ilivyo."

Jumapili iliyofuata alirudi kijijini, akawaita majirani uani, akawasimulia yote mpaka kwenye mifupa, bila kupunguza. Mzee mmoja aliinuka katikati ya maneno akaenda zake. Waliobaki walikaa mpaka alipomaliza, kisha wakampa mkono wa pole, mmoja mmoja, kama siku ya msiba. Hakuna aliyeuliza tena.

Unakumbukwa na mkeo Rozalia, wanao Lukas, Skolastika na Margareta, dada yako Marcelina, wajukuu, rafiki yako Hamdani, na majirani wa Bangwe, tulikoishi ulipokuwa karani, na wa kijijini. Lukas anaomba uelewe kwamba maneno yale yalikuwa ya hofu.

Misa itasomwa Jumapili asubuhi. Pumzika, Baba. Jina lako halitatoka midomoni mwetu daima.