Shoka Langu na la Mume Wangu

Alhamisi, 8 Januari

Nimeamka kabla yake tena. Nimelala namtazama tu. Ana kovu dogo juu ya nyusi, wakati wa uchumba sikuwahi kuliona. Mume wangu. Naliandika neno hili kwa raha zangu. Mume wangu Haji!

Fungate imekwisha jana. Siku saba za kula, kulala na kucheka. Leo nimeosha vyombo mwenyewe na nimefurahi kama niliyepewa zawadi.

Jumapili narudi Mtoni, kwenye ligi yetu ya kurusha shoka. Huko ndiko tulikojuana. Alirusha, shoka likagonga ubao, likaanguka chini, nikacheka kwa sauti. Akageuka kuona nani anacheka. Basi.

Kwa kiwango mimi ni wa saba. Zimebaki Jumapili mbili. Wanane wa juu wataingia Kundi la Kwanza na kwenda kushindana Matemwe baada ya mfungo. Hajaingia mwanamke hata mmoja. Nitaingia mimi. Sina wasiwasi hata chembe.

Jumapili, 11 Januari

Nimeshindwa. Na Ramla!

Ramla kaanza juzi tu, yuko chini kabisa. Na kiwango ndivyo kilivyo: ukimshinda aliye juu yako unapanda sana, ukishindwa na aliye chini yako unaporomoka. Nimeporomoka mpaka wa kumi na moja.

Sababu naijua. Somo wangu, Bi Mwanaidi, aliyenifunda kabla ya harusi, alikuja asubuhi na singo ya kusugulia mwili na mafuta ya karafuu. Akanisugua mpaka viganjani. Biharusi hatoki na ngozi kavu, hiyo ndiyo kauli yake. Nikanawa kwa maji matupu, nikaona yatosha. Kumbe wapi. Mpini umenitoka mkononi kama samaki. Shoka la kwanza limepita nje ya ubao. La pili limegonga kwa mgongo.

Ramla kashika mbavu. "Bibi harusi, leo tunarusha shoka au tunafukiza udi?"

Nimelia kidogo kifuani kwa Haji. Kifua kizuri. Lakini mkono wangu uko vilevile. Yameshindwa mafuta, sikushindwa mimi.

Jumatatu, 12 Januari

Ratiba ya Jumapili imetoka. Mimi na Haji.

Haji ni wa tatu. Suleiman, msimamizi wa ligi, kapiga hesabu: nikimshinda Haji napanda hadi wa nane. Naingia. Nikishindwa, mpaka msimu ujao. Haji hata akishindwa atashuka kidogo tu, hatoki kwenye wanane.

Hapo ndipo penye tabu. Huyu mtu ananipenda. Leo kapita sokoni Darajani kuninunulia kikuba, kishada cha maua ya asumini, kaja nacho kakifunika kwa kiganja ili kisinyauke kwa jua. Mtu wa namna hii atashindana nami kweli?

Jumatano, 14 Januari

Wifi yangu Salma kaja na mama mkwe. Utani mtupu.

"Kaka, ukimfunga mkeo Jumapili, utakula kwa nani?"

"Kwa mama."

Mama mkwe hakunyanyua hata macho. "Kwangu hakipikwi chakula cha mwanamume aliyeoa."

Tumecheka mpaka machozi. Kisha Haji kanikonyeza. Zamani konyezo lake lilinichekesha. La leo limenichoma. Mtaa mzima unaona mambo yameshakwisha: mume atamwachia mkewe. Nikienda Matemwe kwa kuachiwa, kiwango hicho si changu. Ni cha ndoa.

Ijumaa, 16 Januari

Nimemwambia. Kala pilau yake baada ya sala, nikangoja anawe mikono.

"Ukiniachia, namwambia Suleiman afute jina langu. Mahari ulinipa nikapokea. Hii usinipe."

Kajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha: "Basi usije ukalia."

"Nani alie?"

Nampenda, jamani. Lakini hakuapa.

Jumapili, 18 Januari

Bi Mwanaidi kaja na kikombe chake cha mafuta. Nikamwamkia, nikamwomba anipake shingoni tu. Kasonya. Kapaka shingoni. Viganja nimevisugua kwa jivu, hina ikabaki, utelezi ukaondoka.

Watu wengi kuliko siku zote. Tumekwenda sare mpaka mrusho wa mwisho. Kaanza yeye. Hakunitazama. Shoka lake limekaa ukingoni mwa duara jekundu. Mimi nikavuta pumzi, nikasema bismillahi, nikarusha.

Katikati. Katikati kabisa!

Vigelegele. Hata Ramla kapiga. Nimeruka na baibui langu mbele za watu, sijali.

Ila ule ukingo. Haji hukosa ukingoni, ndiyo. Na Haji anajua kukosa akitaka. Njia nzima kanitangulia hatua mbili. Nami sikuthubutu kuuliza. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwuliza: je, alilegeza mkono?

Jumatatu, 19 Januari

Mvua ndogo asubuhi. Nimepika chai ya tangawizi na chapati.

Nimemwita Haji, kaitika "Naam," basi. Orodha mpya imetoka. Mimi wa nane, yeye wa tano. Kaiangalia kwenye simu, kaiweka chini, kaichukua tena. Chapati moja kaimega vipande vidogo vidogo, hali.

Kisha, bila kunitazama: "Ule ubao ulikuwa mbichi. Upande wangu ulikuwa mbichi kabisa, shoka linateleza. Hata Suleiman anajua."

Nimegeukia jiko asinione ninavyotabasamu: aliyeachia hatafuti kisingizio. Nimemmiminia chai nyingine, nikamwongezea sukari.