Mbegu za Ekari Mbili

Sumbawanga, 2 Desemba

Dada Dominika,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji Yohanes hamjambo, na mahindi ya huko Mwimbi yameshachomoza. Huku miili ni mizima; vichwa ndivyo vilivyovurugika. Sikupigi simu kwa sababu kwenye simu ningebishana.

“Mtoto aliyepata F ya hesabu hawezi kuandika programu.” Uliandika hayo kwenye kundi la ukoo, nami nikakujibu kwa ukali kwamba ninyi walimu wa hesabu mnalinda vibarua vyenu. Nikasema kompyuta inahesabu yenyewe. Kazi ya mtu ni kuieleza cha kufanya. Bado naamini sehemu ya maneno yale. Sehemu ipi, ndiyo sijui tena.

Binti yenu Zita, tangu aje kwangu kusomea kompyuta, ameandika programu ya kugawa mbegu kwenye kikundi chetu cha wakulima. Unaingiza hatua za shamba, inakupa ekari na kilo. Kila mtu hapa anajua ekari ni hatua sabini kwa sabini. Ukiizunguka, ni mia mbili themanini. Basi wanachama wakaambiwa wazunguke mashamba yao wakihesabu, na kila mia mbili themanini ikawa ekari moja.

Mama Klementina alizunguka mia tano sitini, akapewa mbegu za ekari mbili. Shamba lake ni mia na arobaini kwa mia na arobaini. Najua umeshacheka. Ni ekari nne! Nusu iko wazi na mvua imeshika. Adolfu naye, mwenye kipande chembamba kando ya kijito, amebakiwa na mbegu, anauliza kama mashine ilitaka apande mpaka kwenye maji.

Mkutanoni Zita alisimama akaomba radhi. Mama Klementina akamwambia, mwanangu, radhi haioti.

Zita aliporudi nyumbani alipanga maharage mezani, safu kwa safu kama shamba, akaiona kasoro, akairekebisha kwa mstari mmoja. Hiyo ni hesabu au si hesabu? Kama ni hesabu, ile F ilitoka wapi? Kama siyo, mbona mimi sikuiona? Lakini sasa anafunga mizigo, anasema hana kichwa, keshokutwa anarudi kwenu. Barua hii nampa dereva wa gari la kesho ili imtangulie.

Dada, kanuni ya kuzunguka ilikuwa yangu. Zita aliniuliza mapema, mjomba, hapa si tunazidisha? Nikamfokea kwamba anaongea kama mama yake. Na alipokuwa akiomba radhi, nilikaa mstari wa mbele, nimeinamia simu.

Wasalimie majirani wote. Ila wewe na shemeji, msimpokee Zita. Akishuka kwenye gari mpeni chai, kisha mrudi naye huku. Jumamosi saa nne kikundi kinakutana. Njooni wote wawili, mkae mbele, na msiniruhusu nikae chini mpaka nimemwambia Mama Klementina ni nani aliyemnyima mbegu.

Mdogo wako,
Alois