Ploti ya Tatu

Jumatatu, 17 Oktoba 1994
Leo nimehesabu mimea ya ploti ya kwanza na ya pili, kuanzia chini ya kilima. Chini karibu yote ni migunga. Ukipanda kidogo, aina zinaongezeka: mininga, mimea ya kukwea, maua nisiyoyajua. Jua kali. Magazeti ya kukandamizia majani yamekwisha, nimechana daftari la zamani.

Nahesabu peke yangu tangu Julai, Masanja alipopunguzwa kazini. Tulipanda kilima hiki pamoja miaka sita. Mimi mtu wa Lushoto; majina yote ya Kisukuma nimefundishwa naye.

Jumanne, 18 Oktoba
Naumwa miguu. Nimekula michembe ya viazi na karanga. Sikuongea na mtu.

Alhamisi, 20 Oktoba
Ploti ya tatu haipo.

Ni katikati ya kilima, mimea ya chini inapokutana na ya juu. Hakuna sehemu yenye aina nyingi kama hiyo. Imefyekwa yote, imechomwa. Jivu bado lina moto. Nilimkuta mwenye shoka. Masanja.

"Mwangaluka, dada Rehema," akaniamkia, kama siku zote.

Sikuitikia. Nikamwambia, "Masanja, hapa ni hifadhi. Wewe mwenyewe ulikuwa unahesabu miti hii."

"Niliihesabu nikiwa na kazi. Sasa wanunuzi binafsi wamekuja, pamba ina soko. Shamba langu la chini limechoka. Unataka nilime wapi?"

Nilishuka nikilia. Aibu tupu.

Ijumaa, 21 Oktoba
Ripoti inatakiwa kesho. Ningeweza kuandika "mtu asiyejulikana". Nani angejua?

Mke wa Masanja, Mama Kulwa, aliniletea maziwa wiki nzima nilipougua malaria.

Nimeandika jina la Masanja. Sheria inataka hivyo. Lakini niliandika kwa hasira, nalijua hilo.

Jumanne, 25 Oktoba
Polisi wamemchukua Masanja asubuhi, wakampeleka Bariadi mjini. Nilisikia gari, sikutoka nje.

Jumapili, 30 Oktoba
Kanisani benchi langu lilibaki na mimi tu. Baada ya ibada nilimwamkia Mama Kulwa. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akaondoka. Wanawake wengine wakamfuata. Kisimani pia, nikifika maongezi yanakatika.

Nimefikiria kuomba uhamisho. Lakini kwetu nako nimeshakuwa mgeni.

Alhamisi, 3 Novemba
Masanja ameachiwa kwa onyo. Haruhusiwi kupanda chochote pale juu. Nilikwenda kwake. Alitoka, akasimama mlangoni. Hakunipa kigoda.

"Nisamehe," nilisema. "Jina lako niliandika kwa hasira."

"Ulifanya kazi yako, bibi misitu."

Akaingia ndani. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita bibi misitu. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 9 Novemba
Mvua imeanza. Nilipita ploti ya tatu bila kusimama. Majani ya kwanza yanachomoza kwenye jivu, ya aina moja tu.

Nimemaliza ploti ya tano, kileleni. Ukungu, mawe yanateleza. Aina ni chache, ila karibu zote hazipo huko chini: kangaga kwenye nyufa, mikuyu mifupi iliyokumbatia mawe, ua jeupe dogo kwenye gome.

Zamani mimi nilikuwa nikitaja majina ya mimea, Masanja akiandika. Leo nimetaja kwa sauti, jina la Kisukuma kwanza. Nikangoja kidogo. Kisha nikachukua kalamu, nikaandika mwenyewe.