Okidi Niliyoitoa Chunguni

Kitale, Jumanne, Mei 1951

Memsahibu hakunifukuza kazi ya bustani. Nilikuwa nimejiandaa hata kurudi kwetu Bungoma, lakini hakunifukuza.

Wiki tatu zilizopita, memsahibu alipokuwa safarini, niliitoa okidi yake moja, ua analolipenda, kwenye chungu cha udongo. Mizizi ilikuwa inaoza. Nikaifunga kwenye gogo kwa kamba ya katani, nikaitundika kivulini.

Leo amerudi, akaiona kabla hata ya kunisalimu.

"Wekesa, nani alikuambia uitoe?"

"Hakuna mtu, memsahibu. Nimeziona kule msituni Endebess. Zinakaa juu ya miti, hazitaki udongo."

"Na ikifa?"

"Haifi. Angalia hapa." Nikamwonyesha mizizi mipya, ncha zake kijani, imeshika gogo.

Aliinama akaitazama muda mrefu. Kisha akaniambia nizitoe zote.

Kinachoniudhi ni kwamba nilimwambia hivyo tangu Januari, akacheka. Lakini basi.

Nimeshafunga nne. Ya tano imebaki na mzizi mmoja tu ulio hai. Memsahibu alisema niitupe, nikakataa. Naiogopea kidogo, lakini nimeifunga pia, na nimeitundika karibu na mlango wangu niione kila asubuhi.