Usiite Jina la Aksanti

Guildford, Sydney
22 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Kalume,

Pokea salamu zangu za Jumapili. Goti lako linaendeleaje? Hapa baridi imeingia. Mimi ni mzima, na wazee ninaowahudumia kazini hunipa pole kila asubuhi, kisha husahau na kunipa tena.

Sikupiga simu kwa sababu Mama huketi karibu nawe. Najua bado hajatoka kwenye mkeka wa kilio. Anasema mwanawe hakufa tarehe 3 mwezi huu kama hospitali ilivyoandika, maana Alhamisi mbili zilizofuata mdogo wangu Aksanti alinipigia simu kutoka gerezani, nami nikawaambia.

Mjomba, aliyenipigia hakuwa Aksanti. Juzi Arakaza, Mrundi aliyefungwa naye huko Amerika ya Kusini, alinieleza yote. Chumba cha watu kumi na wanane kina tisini na wanne. Wanalala kwa zamu. Asiye na nafasi hujifunga kwenye nondo kwa kipande cha shuka, asianguke. Maji ni ndoo moja. Aksanti alikohoa mwezi mzima, wakambeba kumpeleka hospitali, akafia njiani. Hakuna aliyefuta jina lake kwenye orodha. Basi kila asubuhi lilipoitwa, Arakaza aliitikia, ili mkate wake na mahali pake pa kulala visipotee. Alhamisi alinipigia akinong'ona kama yeye.

"Nisamehe, dada," aliniambia. "Uliniuliza kama nimekula. Tangu niingie humu, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nilipaswa kujua. Aksanti aliniita yaya, kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa. Sauti ile iliniita dada.

Kwa hiyo mwambie Mama ni tarehe 3. Ile 15 ya kwenye karatasi ya gereza ni siku wakubwa wa gereza walipogundua. Panga siku ya kuondoa kilio, aoge, ale, alale kitandani.

Sehemu hii usimsomee.

Siku ya kumi na moja tangu Aksanti afe, Arakaza alishikwa na homa, sauti ikakauka. Jina la Aksanti likaitwa. Likaitikiwa. Watu wakatazamana, kila mmoja akaapa si yeye. Nilimuuliza sauti ilisema nini. Wafungwa huitikia kwa lugha ya huko, lakini ile ilisema "Niko", taratibu, kama ya mtu aliyelala.

Unakumbuka chumba chetu kimoja, sisi saba kwenye mikeka miwili? Ulituita kwa majina kabla ya kuzima taa, na Aksanti alikujibu "niko" hata akiwa usingizini. Ulikuwa ukicheka, unamwita tena, naye anajibu tena.

Nisalimie Mama Aloys na Gloire. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Siku ya kuondoa kilio, ndugu wakijaa sebuleni, najua utataka kutuita kama zamani. Tuite. Ila ukifika kwake, nakuomba, pita kimya. Mwache alale.

Mpwa wako akupendaye siku zote,
Gloriose