Mtihani wa Kemia Mpakani

Jumamosi, Julai 1961. Baridi ya kiangazi, upepo umejaa vumbi, na mimi nimejaa hasira.

Wenye amri wa Katanga hii iliyojitenga na kujiita nchi wamenichosha. Mwezi uliopita profesa wetu wa kemia, Mgiriki mzee asiye na maneno mengi, alivuka mpaka kwenda Ndola kung'olewa jino. Huku nyuma ikatoka amri kwamba mgeni yeyote, hata mwalimu, haingii Katanga bila viza mpya. Viza yenyewe inatolewa mjini kwetu Elisabethville tu. Na bila viza hufiki Elisabethville! Hivi kuna mtu aliyeifikiria amri hii mpaka mwisho?

Bila mtihani wake wa mdomo sipati diploma. Kwa hiyo aliponitumia habari kwa dereva wa lori kwamba leo angenisubiri kwenye kizuizi cha mpaka cha Kasumbalesa, niliondoka na lori hilohilo.

Tukafanya mtihani hivyohivyo, yeye upande ule, mimi upande huu, mti wa kizuizi katikati. Askari wetu wa zamu akasogea kusikiliza habari za shaba na asidi kama anayesikiliza redio. Nilijibu vizuri, hata mimi nilijishangaa.

Kisha profesa akataka nichore tanuru ya kuyeyushia shaba. Meza ilikuwa upande wake. Nikainama, nikapita chini ya mti, nikachora.

Wala sikufikiri.

Akanipa kumi na sita juu ya ishirini, tukapeana mikono. Nilipogeuka kurudi, askari yule alikuwa amesimama mbele yangu.

"Viza."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akakisoma kitambulisho changu taratibu.

"Baba yako alizaliwa wapi?"

"Kasai. Lakini mi nilizaliwa apa, mukubwa, mu kambi ya reli! Mama yangu iko kule mujini, Ruashi!"

"Ungebakia mu Katanga, hakuna muntu angekuuliza. Sasa ulishatoka. Muntu wa Kasai iko mugeni. Mugeni anaombaka viza."

"Viza banapanaka wapi?"

"Ku Elisabethville."

Nilibishana mpaka sauti ikakauka. Nikambembeleza, nikamtukana kimoyomoyo, nikambembeleza tena. Profesa akajaribu kwa Kifaransa chake kizuri, akajibiwa kwamba mgeni hamtetei mgeni. Hapo nililia, nakiri. Baba alitandika reli ya nchi hii mpaka mgongo ukapinda, na mimi sijawahi kulala nje ya mji ule.

Sasa nimeketi kibarazani kwa mwenye duka mmoja, ng'ambo. Profesa ameniuliza kama ninamfahamu mtu yeyote Ndola. Simfahamu hata mmoja.

Kemia nimefaulu. Kwetu nimefukuzwa, tena nilitoka kwa miguu yangu mwenyewe, nimeinama.

Mama atakuwa ameshaniwekea chakula. Nani atamwambia asinisubiri?